Sauti ya Nne

"Usiku saba," kaka mtu alisema, huku akigonga meza kwa kidole. "Saba mfululizo. Umeondoka, baba kavaa. Umerudi, baba hajavaa. Wewe fundi wa maabara, nieleze hiyo ni hesabu gani."

"Hesabu ya mtu anayetafuta wa kumlaumu," dada yake alijibu. "Tangu mama azikwe umekanyaga hapa mara ngapi? Sema mbele ya Inspekta. Mara mbili. Na moja ulikuja kuchukua ngazi."

"Ngazi ilikuwa yangu."

"Basi beba na maneno yako, nayo ni yako."

Inspekta aliwaacha waendelee. Miaka kumi na tisa ya kazi na watoto wanne wa kuzaa mwenyewe vilimfundisha kwamba wagomvi wakiachiwa dakika tatu husema mambo ambayo ukiwahoji saa tatu hawayasemi. Alikaa kwenye ukingo wa kochi, daftari gotini, rula ya chuma ikichungulia kwenye mfuko wa shati. Kituoni walimwita Mama Rula. Alijua, na hakujali. Anayepima hakosei mara mbili.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Siku kumi na moja zilizopita, baba wa hawa wawili, ambaye yadi nzima ya makontena walimwita Mzee Winchi, alisinzia saa tano asubuhi akiwa juu kwenye kibanda chake cha winchi. Kontena likashuka bila kuamriwa. Mpiga ishara aliyekuwa chini aliruka. Roho ikapona, nyonga ikavunjika.

Mzee alikuwa na maradhi ya kukatika pumzi usingizini. Akilala, koo hujifunga, pumzi husimama, mwili ukashtuka kuivuta tena, mara arobaini kwa saa moja. Mtu wa namna hiyo anakoroma nyumba nzima ikamsikia, lakini halali. Mchana usingizi humjia popote. Tiba yake ni mashine ndogo inayosukuma hewa kwa mpira hadi kwenye barakoa ya pua na mdomo. Mzee alikuwa nayo mwaka sasa, na katika maelezo yake alisema anaivaa kila usiku. Kadi ya kumbukumbu iliyo ndani ya mashine ilisema vingine. Kwa karibu miezi mitano mashine ilikaa bure, isipokuwa usiku mmoja mwanzoni na usiku saba mfululizo baadaye. Na usiku huo saba, binti aliyekuwa akiishi naye alikuwa mji mwingine kwenye mafunzo ya kazi.

Kaka mtu, mwalimu wa udereva, aliandika malalamiko kwamba dada yake alichoshwa na kelele za mashine, akawa anamvua baba barakoa akishalala. Mkuu wa kituo aliyasoma asubuhi hiyo, akasema, "Mlete huyo binti kabla ya saa kumi." Hati ya kumkamata ilikuwa tayari ndani ya mkoba wa Inspekta.

"Ulisema mashine inanguruma kama jokofu bovu," Inspekta alimwambia binti. "Kweli?"

"Nilisema. Kwa kaka, kwenye simu. Nilikuwa natania. Yeye utani anautunza kama risiti."

"Ulimvua barakoa?"

"Sijamgusa. Tangu mama afariki, baba hulala amefunga komeo kwa ndani."

"Komeo lile linafunguka kwa kisu cha mezani," kaka alidakia. "Tulikuwa tukilifungua tukiwa watoto, tunaiba biskuti. Wewe ndiye uliyekuwa hodari."

Binti hakukana. Inspekta aliandika *kisu*, akapiga mstari.

"Alfajiri unasikia nini chumbani kwa baba yako?"

Binti alifungua mdomo, akaufunga. "Sisikii kitu."

Inspekta aliandika: *Anasikia kitu.*

Mzee mwenyewe alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, mikono imelala magotini kama vyombo vilivyomaliza kazi.

"Mzee, mashine unavaa?"

"Navaa," alisema, macho sakafuni. Kisha, kwa sauti ya chini, "Mwacheni mtoto."

"Nimwache kwa sababu hakufanya, au kwa sababu ni mtoto wako?"

Mzee alirudisha uso dirishani.

"Nionesheni chumba," Inspekta alisema, akasimama.

Kilikuwa chumba cha watu wawili kinachotumiwa na mmoja. Kitanda kipana, upande wa kulia umelika kwa kulaliwa, wa kushoto umetandikwa vizuri, mto wake hauna hata kovu. Chini ya upande huo ndala za kike zilielekezwa mlangoni, tayari kwa kuvaliwa. Mashine ilikuwa kwenye meza ndogo ya kulia, barakoa imening'inizwa kwenye msumari. Inspekta alipitisha kidole ndani ya barakoa. Vumbi. Aliangalia komeo kwa tochi ya simu. Rangi ya juu yake haikuwa na mchubuko hata mmoja. Kama kisu kiliwahi kupita hapo, kilipita zamani za biskuti.

"Simu ya baba yako analala nayo wapi?"

"Pale," binti alisema kutoka mlangoni.

Pale palikuwa mto wa kushoto. Simu ililazwa katikati ya mto, na waya wa chaji ulivuka kitanda kizima kutoka kwenye soketi ya upande wa kulia. Inspekta alitoa rula, akapima. Kutoka meza ya mashine hadi simu, sentimita mia moja thelathini na mbili. Kutoka mto wa mzee, ishirini na nane.

"Soketi iko kulia, meza iko kulia," alisema. "Simu iko kushoto. Kwa nini?"

"Hajawahi kuniambia."

"Hicho kioo ni kipya. Simu yenyewe ya zamani."

"Kilipasuka. Mafundi wa hapa hawakuwa nacho, nikaenda nayo kule kwenye mafunzo ikatengenezwe. Nilimwachia baba simu yangu ya vitufe."

Kalamu ya Inspekta ilisimama. "Wiki nzima?"

"Siku zote saba. Nilirudi nayo."

Kaka mtu, nyuma ya dada yake, alinyoosha shingo kukitazama kile kioo. Kwa hiyo walioondoka nyumbani wiki ile walikuwa wawili. Binti, na simu.

Alipogeuka kutoka, mlango ulijifunga kidogo, akaona shati la kazi limetundikwa nyuma ya mlango huo. Limepigwa pasi hadi mikono ina makali. Kabati lilikuwa wazi, nusu yake tupu.

"Mzee amesimamishwa kazi siku kumi na moja," alisema. "Hili shati ni la lini?"

"Hulibadilisha kila siku," binti alisema. "Anapiga pasi mwenyewe, anatundika hapo. Hataki niguse. Nilimwambia, baba, kazini huendi, shati la nini? Akasema, nyamaza, wewe hujui."

Ofisi ya waliotengeneza programu iliyo kwenye ile simu, inayofuatilia kama mashine imevaliwa, ilikuwa ghorofani, juu ya duka la miwani. Kichwa cha plastiki kilichovishwa barakoa kilikaa dirishani kikitazama barabara, na mtu fulani alikuwa amekichorea masharubu. Mbunifu aliyempokea alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenye miduara chini ya macho.

"Unashughulika na usingizi wa watu, wako je?" Inspekta aliuliza.

"Mganga hajigangi, Inspekta. Karibu uketi."

Barua ya hospitali iliruhusu kuonesha kumbukumbu za matumizi. Mbunifu alizifungua, lakini kabla ya kugeuza kompyuta alijitetea. Watu hawakujua ugumu wa kazi yake. Barakoa inabana, hewa inakausha pua, mwenzio anacheka kwamba umegeuka rubani. Wengi huvaa mwezi mmoja, wakaiweka kabatini. Mashine nzuri iliyoko kabatini haijaponya mtu.

"Wewe unawafanyaje waivae?"

"Watu hawaitii simu. Wanamtii mtu. Kwa hiyo siku ya kupewa mashine tunamrekodi mtu wa nyumbani. Mgonjwa asipovaa hadi saa nne na nusu usiku, anasikia sauti ya kwanza. Asipovaa tena, ya pili. Kisha ya tatu. Akipitisha usiku mzima hajavaa, alfajiri inakuja ya nne, ndefu. Huyu mkewe nilimrekodi mwenyewe." Mbunifu alitabasamu kidogo. "Nilimwambia, mama, mseme kama unavyomsema nyumbani. Akaniuliza, mkanda wenu unatosha?"

"Anaweza kuzifungua akazisikiliza akitaka?"

"Hapana. Tulizifunga. Mtu akizizoea hazimshtui."

"Zisome. Tangu mwanzo."

Miezi mitano ya kwanza, barakoa ilivaliwa kila usiku, na hakuna sauti hata moja iliyowahi kulia. Mkewe alikuwa hai. Alimvalisha kwa mkono wake kabla simu haijafungua mdomo. Kisha akafariki. Miezi miwili iliyofuata, bado kila usiku.

"Mgane mtiifu," Mbunifu alisema.

"Endelea."

"Hapa. Usiku mmoja hakuvaa. Alirudi zamu ya jioni, nadhani alipitiwa. Zikalia zote nne. Usiku uliofuata akavaa." Alishusha ukurasa, sauti yake ikapungua kasi. "Kisha hakuvaa. Tena hakuvaa. Tangu hapo..."

"Alionja," Inspekta alisema.

"Sijakuelewa."

"Kila sauti, nani aliizima?"

"Zimezimwa kwa mkono."

"Katikati, au baada ya kwisha?"

Mbunifu alitazama safu ya muda, akaitazama tena. "Baada ya kwisha. Zote. Hii ya nne ina sekunde arobaini na moja, na haijakatwa hata mara moja."

"Mtu anayeudhiwa na kelele anazikata mwanzoni. Mwizi wa barakoa ndiyo kabisa, hawezi kuacha simu ipige kelele sekunde arobaini. Ya nne imelia mara ngapi hadi siku ya ajali?"

"Mia moja thelathini na sita."

Inspekta alipiga hesabu pembeni mwa ukurasa. Kutoka usiku ule wa kupitiwa hadi ajali, usiku mia moja arobaini na nne. Toa mmoja aliovaa. Toa saba ambazo simu ilikuwa kwa fundi. Mia moja thelathini na sita. Haukubaki hata mmoja wa kumtilia binti shaka.

"Sasa nijibu," alisema. "Anayevaa vizuri anapata nini?"

"Nyota. Na muziki mfupi."

"Wa nani?"

"Wa kampuni."

"Asiyevaa?"

"Anapata sauti ya..." Mbunifu alisukuma kompyuta pembeni. Alijishika paji la uso. "Mungu wangu. Tulimwambia kwamba akiwa mtiifu, mkewe hatamsikia tena."

"Chukua kompyuta yako. Twende."

Saa nane na robo walikuwa wote chumbani. Inspekta aliwapanga kama alivyopanga watoto wake siku ya chanjo. Mzee alikaa kitandani, kaka karibu na kabati, binti mlangoni, Mbunifu kwenye kigoda na kompyuta mapajani. Kwanza karatasi. Kumbukumbu zilikuwa zimechapwa nakala mbili. Mbunifu alitia sahihi, Inspekta akatia, kaka akatakiwa kutia kama shahidi.

"Natia sahihi nini?"

"Kwamba unajua kusoma. Tia."

Kisha alimgeukia mzee. "Simu ni yako. Huyu ameshazifungua rekodi kwa kompyuta yake, lakini bila kidole chako hazilii. Naomba ya nne."

Mzee alimtazama kwa mara ya kwanza. "Si hiyo."

"Mzee, hati ya kumkamata binti yako iko kwenye mkoba huu. Mwisho wake saa kumi."

Mkono wa mzee ulikwenda wenyewe. Kidole gumba kikagusa kioo.

"Haya, baba watoto," ilisema sauti ya mwanamke, karibu kabisa, kama mtu aliyelala ubavuni. "Kumekucha na hujavaa. Unadhani sioni? Wewe unaota, mimi nahesabu pumzi zako. Ikikatika moja nashika roho hadi irudi."

Kaka mtu alishika mlango wa kabati. Inspekta hakumtazama yeye wala simu. Alitazama midomo ya mzee. Ilikuwa ikitembea, na ilikuwa ikitangulia. Kila neno lilifika mdomoni mwake kabla ya kufika kwenye simu.

"Amka, unywe maji. Shati lako la kazi liko nyuma ya mlango, usiniambie hulioni. Na leo usiku uvae. Unasikia? Sema ndiyo."

Zikafuata sekunde kadhaa za ukimya, pumzi tu ya mtu anayesubiri kujibiwa.

"Ndiyo," mzee alisema.

Rekodi ikakoma.

"Nilikuwa nasikia," binti alisema, machozi yakimshuka bila sauti. "Kila alfajiri, ukutani. Nilidhani ni mimi. Nilidhani nimeanza kuchanganyikiwa kwa ajili ya mama, nikaogopa kumwambia mtu."

Mzee alifuta uso kwa kiganja. "Usiku ule nilisahau tu. Nilikuwa hoi. Alfajiri nikamsikia. Nikadhani nimekufa, nikafurahi. Halafu akataja shati, nikajua sijafa, maana huko sidhani kama wanasumbuana kwa shati." Alicheka kidogo. "Usiku wa pili nikavaa, kama mtu mzima. Asubuhi nikapigiwa ule muziki. Muziki ule, mama, hauna mtu ndani."

"Kuna mwanamume nyonga imevunjika," Inspekta alisema.

"Najua. Nimefanya naye kazi miaka kumi na minne. Nimwambie ameumia kwa sababu nilikuwa namsikiliza mke wangu?"

"Utamwambia hivyohivyo, ana kwa ana. Na mimi utaniandikishia hivyohivyo. Winchi hupandi tena mpaka daktari aseme, na yadi watakachoamua utakipokea. Na mwanao? Ungemwacha achukuliwe?"

"Ningesema kabla hajavuka kizingiti. Lakini nikisema, mnachukua simu." Aliiweka simu kwenye mto wa kushoto, polepole. "Nilikuwa naomba alfajiri moja tu zaidi."

Kaka mtu aligeuka, akamtazama dada yake.

"Ngazi nitairudisha," alisema.

"Rudi na wewe mwenyewe. Ngazi hainisaidii kupika."

Inspekta alitoa hati mkobani, akaandika juu yake kwa herufi kubwa *HAIKUTUMIKA*, akatia tarehe na saa. Kisha akamgeukia Mbunifu. "Simu siichukui, nina nakala. Kazi iliyobaki ni yako. Geuza."

"Nigeuze nini?"

"Asipovaa, muziki wa kampuni. Akivaa, mkewe."

"Mkuu wangu atasema tusubiri toleo lijalo. Miezi mitatu."

"Daktari alisema moyo wake hauna miezi mitatu bila mashine," binti alisema. "Si mumpe tu hiyo rekodi, awe anaisikiliza anapotaka?"

"Hapana," mzee alisema haraka. "Nikipewa nitaisikiliza kutwa. Nitaimaliza. Iacheni ije yenyewe, alivyokuwa akija." Alifikiri kidogo, uso ukakunjamana. "Lakini itakuwaje? Atasema sijavaa, na mimi nimevaa."

"Mliishi miaka mingapi?"

"Thelathini na minane."

"Alikugombeza bure mara ngapi?"

"Kila siku iliyopambazuka."

"Basi umezoea."

Mbunifu alikuwa akimtazama mzee, kisha zile ndala chini ya kitanda. Alifungua kompyuta. "Mkuu wangu nitamwandikia leo kwamba nimeshafanya," alisema, vidole vikaanza kukimbia. Ilimchukua dakika kumi na mbili, Inspekta alizihesabu. "Tayari. Kuanzia leo, sauti ya kwanza ukishavaa, ya nne asubuhi ukishalala nayo usiku mzima. Sasa hivi, kwa majaribio, nimeiweka ya nne baada ya dakika tano za pumzi zilizotulia."

Binti alitoa barakoa msumarini, akaifuta vumbi kwa upindo wa gauni. Akamkabidhi baba. Mzee aliishika muda mrefu kidogo. Kisha akajivika mwenyewe, akavuta mikanda nyuma ya kichwa, akalala chali upande wake wa kulia na viatu vyake miguuni. Mashine ikaanza kunguruma.

"Kama jokofu bovu," kaka mtu alinong'ona.

"Nyamaza," dada yake alisema, akamshika mkono.

Wakasubiri. Kifua cha mzee kilipanda, kikashuka, kikapanda. Binti alikuwa akihesabu kwa midomo. Inspekta alisimama mlangoni, bega likigusa shati lililonyooka, saa yake mkononi. Dakika ya tatu. Ya nne. Hakuna pumzi iliyokatika.

"Haya, baba watoto," sauti ilisema kutoka mto wa kushoto. "Kumekucha na hujavaa."

Mzee alifumba macho. Barakoa ilimziba, midomo haikuonekana. Sauti ikamgombeza kwa pumzi, ikamgombeza kwa maji, ikamgombeza kwa shati, mpaka ikafika mwisho.

"Unasikia? Sema ndiyo."

Mkono wake wa kushoto ulinyanyuka, ukavuka kitanda, ukagonga mto mara mbili.